Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu, Moshi

Ndugu wanachama,

Ya kawaida mnayajua: vikao vinne vya kamati, semina mbili, na mafunzo ya mtandaoni kati ya wanafunzi wetu 24 na wenzao wa Ufini kuhusu safari ya kahawa, kutoka shambani Kilimanjaro hadi kikombeni kwao. Wanachama tuko 46, waliolipa ada ni 19. Zimeingia sh. 570,000, zimetoka 545,000, zimebaki 25,000.

Sasa la bando la intaneti, maana maneno yamekuwa mengi. Ni kweli niliidhinisha sh. 360,000 za hafla yetu ziwanunulie wanafunzi bando. Niliitisha kikao mara mbili, akidi haikutimia. Nimsubiri nani? Awali vijana wote walibanana mbele ya kompyuta mpakato moja, mmoja mwenye Kiingereza chepesi akiwasemea, waliobaki kimya. Kila mtu alipoingia kwa simu yake, tukawachanganya na Wafini watano watano, wakipokezana kuongoza kikao. Ikabidi kila mmoja aseme, asikilize, apinge kwa adabu. Utaratibu huu wa wanafunzi wa nchi mbili kujifunza pamoja mtandaoni sikuubuni mimi. Vyuo vikuu vya Jimbo la New York viliufungulia kituo tangu 2006.

Mnanilaumu pia kwa kikao cha mtandaoni kilichovunjika. Jumapili ya mwisho ya Machi Ulaya husogeza saa mbele, sisi hatusogezi. Jumatano yake Wafini waliingia saa tisa yetu, wakangoja, wakatoka. Vijana wetu wakaingia saa kumi kama kawaida, wakakuta hakuna mtu, wakadhani wamedharauliwa. Usiku uleule binti mmoja wa mwaka wa pili aliwaandikia wenzake wa Ufini: akaomba radhi bila kumtupia mtu lawama, akapendekeza siku nyingine, akaandika saa ya Moshi na saa ya Helsinki sambamba. Januari binti huyo alikuwa akiambiwa ataje jina lake anazima kamera. Ujumbe ule ninao kwenye simu, atakaye nitamwonyesha. Fedha za hafla zilikwenda huko, na ningeidhinisha tena.

Linaloniuma ni mahudhurio. Walimu saba walijiandikisha kusimamia. Tuliofika mwisho ni watatu.

Mwakani tunatarajia kupata chuo kingine, pengine cha hapahapa Afrika, na Mungu akijalia, projekta. Mweka Hazina yuko mlangoni na kitabu cha stakabadhi. Ada ni ileile, sh. 30,000.

Mwenyekiti