Kisigino kimenishinda, somo

Kwako somo yangu,

Salamu sana. Natumai hujambo, wa nyumbani hawajambo, na mgonjwa wetu kashaanza kuinuka kitandani. Mimi sijambo, ila kisigino. Usishtuke, sijateleza kwenye barafu (bado). Nasema kisigino cha soksi ninayoifuma, ile ya pili, na ndicho kilichonikalisha usiku huu kukuandikia baada ya miezi mitano ya kimya. Najua, najua. Kimya changu na chako tutakisemea siku nyingine. Kwanza niokoe.

Unaikumbuka ile karatasi yako ya kufuma soksi? Uliyoniandikia kwa wino wa buluu, hatua baada ya hatua, ukapiga mistari miwili chini ya "usihesabu huku unaongea"? Imekufa maji leo. Tena maji ya theluji, kazini, chini ya buti za watu.

Ngoja nianze asubuhi. Nimeamka giza bado, nikavuta pazia, barabara hakuna. Magari yote yamegeuka vichuguu vyeupe, la jirani nimelitambua kwa antena tu. Na kimya, somo! Theluji iliyoanguka punde sehemu yake kubwa ni hewa, kwa hiyo inameza sauti kama godoro. Hata mbwa wa ng'ambo alikuwa anabweka kama kafunikwa mto wa kulalia. Nikajivika nguo juu ya nguo mpaka mikono ikawa haishuki, nikateremka ngazi upande upande kama kabati linahamishwa.

Chini nikamkuta Babu wa ghorofa ya kwanza na beleshi lake. Umri ule! Kashasafisha ngazi zote na njia hadi barabarani, sisi vijana tumelala. Aliponiona akavuta suruali juu kidogo kunionyesha mguu wa kushoto: soksi yangu, ile ya rangi ya kutu, imechungulia juu ya buti. Kisha akanionyesha wa kulia: kisoksi chembamba cheusi cha dukani, kimelegea mpaka kimezama. Akauliza lile lile la kila siku, "Mwenzake hajafika tu?"

Kosa ni langu, sikatai. Nilipomaliza ya kwanza furaha ilinipanda kichwani, nikampelekea hiyo hiyo moja, nikamwambia ya pili wiki ijayo. Wiki ijayo yenyewe ndiyo hii tunayoihesabu kwa miezi. Na ubaya zaidi, kielelezo changu pekee kiko mguuni kwake! Nifanye nini, nimvue mzee wa watu soksi kwenye baridi hii nikae nihesabu vitanzi?

Kazini nilifika nimechelewa kama kila mtu. Bosi katupanga foleni kutugawia mabeleshi, hata sisi wa makaratasi, kwa sababu malori yalikuwa hayawezi kuingia uani. Baridi nyuzi 14 chini ya sifuri. Akaamuru tumwage chumvi. Profesa, yule mwenzetu wa kazini anayejua kila kitu (ndiyo, bado yupo, bado hanyamazi), akasema chumvi hii ya kawaida ikishuka chini ya nyuzi 9 chini ya sifuri nguvu inaanza kuiishia, na ukifika nyuzi 21 hata umwage gunia zima barafu haitishiki, bora mchanga, angalau matairi yapate pa kushika. Bosi akasema, "Mwageni." Tukamwaga. Saa nzima baadaye chembe za chumvi zilikuwa zimelala juu ya barafu vile vile tulivyoziacha, lori la kwanza likaja likazunguka kama pia. Ndipo mchanga ukatafutwa, na ukasemwa kana kwamba ni wazo la Bosi. Profesa alinitazama tu.

Sasa, karatasi. Niliibeba mfukoni ili mapumziko ya mchana niibie mistari miwili mitatu. Katikati ya kuchimba theluji pua ikaanza kunivuja, nikatoa leso, na karatasi ikatoka nayo. Sikuona. Nimekuja kujua saa saba, dada wa mapokezi kaniletea kitu chenye alama ya buti akiuliza, "Hii barua ya mapenzi ni yako?" Nikaikunjua taratibu juu ya hita. Wino wote umetembea, karatasi nzima imekuwa wingu la buluu. Yamebaki maneno mawili matatu: "geuza kazi" mahali fulani katikati, na pale chini, safi kabisa, "usihesabu huku unaongea". Penye namba pana doa.

Nilikasirika mpaka nikatoka nje kupoa, kama vile ndani kulikuwa na joto. Nikamkuta Profesa kanyoosha mkono wenye glavu nyeusi anadaka theluji. Akaniambia nitazame bila kupumulia. Somo, sikuwahi kutazama hivyo. Kila kipande kina ncha sita, vingine kama nyota, vingine kama jani la mkangaga, vidogo kuliko kichwa cha pini. Anasema ni sita kwa sababu ndivyo chembechembe za maji zinavyoshikana zikiganda. Akanisimulia juu ya mkulima mmoja wa Vermont, Marekani, Wilson Bentley, ambaye mwaka 1885 alifunga kamera kwenye hadubini akapiga picha ya kipande kimoja cha theluji, akaendelea hivyo mpaka akafikisha picha zaidi ya 5,000. Elfu tano, za vitu vinavyoyeyuka ukivikoholea! Na mimi vitanzi 32 vinanitoa machozi. Mwisho wake mkulima yule, mwaka 1931, alitembea kwenye dhoruba ya theluji, akapata nimonia, akafa. Kwa nini Profesa aliona hiyo ni hadithi ya kutusimulia tukiwa nje, muulize yeye.

Basi nimerudi nyumbani mgongo si wangu. Nimevua tabaka moja moja, glavu juu ya hita, soksi juu ya hita, skafu juu ya hita, nyumba nzima inanuka kondoo aliyenyeshewa. Nikawasha ile taa ya pembeni tu, redio chini chini, blanketi, kikombe cha moto kando. Ile picha ya kuunganisha vipande 1,000 bado imetanda mezani, imebaki anga tupu, buluu kwa buluu, nikaweka vipande viwili nikaiacha. Siku nyingine ningeendelea nayo. Leo nilikuwa na deni.

Nikachukua sindano. Zilikuwa za baridi mwanzoni, kisha zikapata joto la vidole, na unajua ule mlio wake, tik tik, redio ikizungumza peke yake, nje inaendelea kuanguka. Siku nzima nimehamisha theluji kutoka hapa kwenda pale, na asubuhi itakuwa imerudi pale pale. Uzi walau ukiuweka unakaa. Au ndivyo nilivyodhani nikiwa bado kwenye shingo ya soksi, maana hiyo inakwenda yenyewe, duara baada ya duara, vitanzi 64.

Halafu kisigino. Nagawa nusu, 32 upande huu, 32 nimeviacha vingojee. Kibapa cha nyuma nimekifuma vizuri, mistari 32, ukingo umenyooka, ungekiona ungenisifu. Ni pale pa kugeuza. Jaribio la kwanza nimegeuka mapema, pakatokea tundu la kupitisha kidole. Nikafumua. La pili nimefika mwisho nikahesabu, vitanzi 19. Kumi na tisa! Hata mimi najua haiwezi kuwa witri, kulia na kushoto vilipaswa kupungua sawa. Nikafumua. La tatu jirani kapiga simu kuuliza kama kesho mabasi yatatembea, na mimi, mjinga, nikapokea huku nahesabu. Uliniandikia. Ulipiga mistari miwili. Nikafumua tena, na uzi sasa umejikunja mawimbi mawimbi kama nywele zilizofumuliwa leo.

Unaweza kuniambia ninunue soksi dukani nimpe mzee tukamalizana. Nimewaza hilo, nisikudanganye. Lakini mwenyewe ndiye ulinifundisha kwamba sufu inaweza kunywa unyevu hadi karibu theluthi ya uzito wake na mguu usijue, na yule mtu anasimama kwenye theluji kabla ya alfajiri kwa ajili yetu sote, hakuna aliyemtuma. Halafu anaivaa ile moja kila siku, somo. Sijui anaifua saa ngapi. Nadhani anaifua usiku, anaianika juu ya hita, na asubuhi... basi, nisiendelee na hilo.

Nilitaka pia kukueleza habari ya wale pacha na ile nyumba, lakini hiyo inataka barua yake. Kwa kifupi, wamehama. Kwa kirefu, ulisema wewe.

Haya, nijibu haya na usiyapite: Mstari wa kwanza wa kugeuza nafuma 17 ndipo niunganishe viwili kuwa kimoja, au 18? Baada ya kuunganisha nafuma kimoja zaidi kabla ya kugeuka, au nageuka hapo hapo? Mwisho vinabaki 18, sivyo? Nahisi ni 18, lakini nahisi mengi. Nikianza kuokota vitanzi vya ubavuni, ni 16 kila upande? Na lile tundu la kwenye kona uliliziba vipi, maana kwenye soksi ya kwanza uliishika wewe mwenyewe dakika mbili ukanirudishia halipo? Na wewe je, unafuma nini siku hizi? Mgongo wako? Lile blanketi la Bi Mkubwa lilikwisha? Na kwa nini hukuniandikia hata mstari, au ulikuwa unangoja nianze mimi?

Safari hii andika kwa penseli, penseli haitembei.

Ni mimi somo yako wa siku zote.

Nyongeza: Nilipokunja barua nimejaribu mara ya nne, redio nimezima, simu nimeitia chini ya mto. Kumi na tisa.