Barua ya wazi kwa Kamishna wa Uhamiaji wa Thailand: mpangaji aruhusiwe kuripoti makazi yake mwenyewe

Mheshimiwa Kamishna,

Pokea salamu zangu na heshima. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ambayo sisi walimu tuliotoka Afrika Mashariki tunaulizana kila tukikutana: "Mwenye nyumba wako ameshakujazia TM30?", yaani ile fomu ya kuitaarifu Uhamiaji mahali anapoishi raia wa kigeni. Nitatafuta mtu wa kuitafsiri barua hii ikufikie. Lakini nataka na wenzangu waisome, maana wengi wanalipa faini bila kujua sheria yenyewe inamtaja nani.

Kifungu cha 38 cha Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1979, ambao kwenu ni mwaka 2522, kinamtaka mkuu wa kaya, mwenye nyumba au mtu anayeikalia, pamoja na meneja wa hoteli, kutoa taarifa ndani ya saa 24 tangu mgeni, yaani raia wa kigeni, afike. Kifungu cha 77 kinaweka adhabu: faini isiyozidi baht 2,000, na kwa meneja wa hoteli kati ya 2,000 na 10,000. Mgeni naye ana wajibu wake kwenye kifungu cha 37, ukiwemo wa kuripoti kila baada ya siku 90. Huo tunautimiza na hatuulalamikii.

Tatizo liko dirishani.

Mwaka jana nilikwenda kuongeza muda wa kukaa nchini. Barua za shule ninazo, kibali cha kazi ninacho, picha, baht 1,900 za ada, vyote tayari. Binti aliyenihudumia alikuwa mpole sana. Alifungua pasipoti ukurasa kwa ukurasa akitafuta kile kipande cha chini cha fomu ya TM30, kile kinachokatwa na kubanwa kwa pini ndani ya pasipoti. Alikiona cha nyumba ya zamani. Mimi nilikuwa nimehama miezi miwili nyuma. Akaifunga pasipoti, akanirudishia kwa mikono miwili: kwanza TM30, ndipo mengine. Zilikuwa zimebaki siku sita muda wangu uishe.

Mama mwenye nyumba wangu ni mtu mzima, anaishi mkoa mwingine kwa binti yake. Hana ubaya wowote. Hakuwahi kupangisha mgeni kabla yangu, na hakuna aliyemwambia kwamba siku niliyoingia na begi langu yeye alikuwa na saa 24. Mwalimu mwenzangu anayejua Kithai alimpigia simu, akamwomba nakala ya kitambulisho, ya kile kitabu cha nyumba chenye jalada la buluu, na ya hati ya umiliki. Akazituma kwa posta. Juu ya kila nakala alikuwa amechora mistari miwili ya mshazari na kuandika katikati yake kwamba ni kwa kazi ya TM30 tu, kisha akatia sahihi, ili asitokee mtu wa kukopea fedha kwa jina lake. Mkono unamtetemeka. Sahihi ya nakala ya tatu haikufanana na zile mbili, na dirishani wakaikataa. Ikabidi aandike upya, zitumwe upya. Nilikamilisha siku moja kabla ya muda kuisha. Faini nililipa mimi, ila stakabadhi iliandikwa jina lake.

Nilipomweleza, aliona aibu kama vile ameniibia. Mpaka leo hilo linaniumiza kuliko ile fedha.

Na mimi nilipata mtu mwema. Wapo wenzangu ambao mwenye nyumba anawaambia kabla ya kupokea kodi kwamba nakala za kitambulisho hatoi, anayezitaka akatafute kwingine. Wengine wanahofia kuulizwa kodi ya mapato ya pango. Mpangaji atamshurutisha kwa lipi? Akimbana sana anapoteza nyumba, asipombana anakwama kwenu. Anapigwa danadana kati ya watu wawili, na anayehesabiwa siku ni yeye peke yake.

Sipingi serikali kujua nani analala wapi. Ni haki yenu. Tena mwaka 2020 mlitusikia mkalegeza: mwenye kibali cha kurudi nchini akisafiri na kurejea kwenye nyumba ile ile, haripotiwi upya. Kabla ya hapo, mtu akienda kuzika kwao alirudi na kazi ya kumsaka mwenye nyumba kabla hata ya kupumzika. Nawashukuru kwa hilo kwa dhati.

Ninachoomba sasa kiko ndani ya maneno ya kifungu chenyewe. Mpangaji mwenye mkataba na ufunguo ndiye anayeikalia nyumba. Zipo ofisi zenu zinazompokea kwa msingi huo akija na mkataba wake, na zipo zinazomrudisha mpaka alete karatasi za mwenye nyumba. Waraka mmoja kutoka kwako ungemaliza tofauti hiyo: mkataba na pasipoti vitoshe, kwa kila dirisha, kila mkoa. Na pale mwenye nyumba aliposhindwa wajibu wake, faini imfuate yeye kwa anwani yake, ombi la mpangaji la kuongeza muda liendelee. Mnayo anwani tayari. Ndiyo ile ile mnayotaka iripotiwe.

Mwezi ujao nahama tena, kusogea karibu na shule. Mkataba mpya ninao mezani, umeandikwa kwa Kithai na Kiingereza, una jina langu, namba ya pasipoti na tarehe ya kuingia. Nitaupeleka ndani ya saa 24. Naomba nikute dirisha limeshapata waraka wako.

Kwa heshima,
Mwalimu mgeni na mpangaji, Thailand