Programu ikikosea ituonyeshe njia yote

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Mimi naandika skripti za Perl, ile lugha ya kuandikia programu za kompyuta, hapa Kampala na kinachoniuma ni hii tabia ya kuridhika na onyo la mstari mmoja, eti kuna thamani tupu laini ya 48, basi. Sasa hiyo laini 48 iko ndani ya fankisheni, yaani kipande cha programu kinachofanya kazi moja, inayoitwa kutoka sehemu sita, nitajuaje ni nani kaipelekea hiyo tupu? Mwezi jana nimekesha usiku mbili na hesabu za sako moja, chama cha akiba na mikopo, natafuta tu, macho mekundu.

Na dawa ipo, tena bure. Ukiita moduli ya Carp, kifurushi cha Perl kilicho tayari, badala ya die (amri ya kusimama kwa kosa) unaandika confess, badala ya warn (amri ya kutoa onyo) unaandika cluck, unaona safari nzima, nani kamwita nani, faili gani, laini gani, mpaka data zilizopitishwa. Kama hutaki kugusa maandishi ya programu yenyewe, chukua Carp::Always kutoka CPAN, hazina ya moduli za Perl mtandaoni, uendeshe programu yako kwa perl -MCarp::Always, kila kosa na kila onyo linakuja na njia yake. Asubuhi ya tatu nikafanya hivyo, dakika tano tu nikaona: faili ya wanachama ilikuwa na mstari mtupu mwishoni!

Ila jamani, kwenye seva ya wateja hizo njia zipelekeni kwenye logi, yaani faili ya kumbukumbu, msizionyeshe skrini, maana data zilizomo zinaweza kuwa nywila ya mtu.

Walimu wa kompyuta nawaomba sana, vijana wafundishwe hii wiki ya kwanza.

Msomaji wenu, Kampala