Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mwaka wa "Umejuaje?"

Ndugu wanachama,

Katiba ya chama chetu cha kutafiti koo inanitaka niwaeleze tulichofanya tangu mkutano mkuu uliopita. Mahudhurio, wanachama wapya na hesabu za fedha zimo katika taarifa za katibu na mweka hazina ambazo mmekwisha kugawiwa, nami sitazirudia. Niseme tu kwamba ada zimelipwa vizuri kuliko mwaka jana, na wachache wanaodaiwa wanajijua.

Kazi kubwa ya mwaka ilikuwa moja. Huko nyuma tulishindana kwa wingi wa majina, na kila kikao hakikukosa mtu wa kukunjua karatasi ndefu kuliko ya mwenzake. Kamati ikaamua kwamba safari hii kila jina kwenye mti wa ukoo lijibu swali moja: umejuaje? Umelisoma wapi, au nani kakwambia, na huyo aliyekwambia alikuwepo? Swali hili limewaudhi baadhi yenu, na malalamiko yenu yamenifikia. Hata hivyo sioni sababu ya kulilegeza.

Chukueni mti wa mwenzetu mmoja, aliyeturuhusu kuusema hapa. Sehemu kubwa alikuwa ameinakili kutoka mti wa mtu asiyemjua, mtandaoni. Tulipoukagua tukakuta mama aliyemzidi mwanawe wa kwanza kwa miaka tisa tu. Watu walicheka, kisha tukafungua picha ya daftari la ubatizo lenyewe. Kumbe walikuwa wanawake wawili, shangazi na mpwa aliyepewa jina lake. Kilichotufumbua macho ni safu ya mwisho ya daftari, ile ya wasimamizi wa ubatizo, ambayo wengi huiruka. Shangazi alikuwa ameandikwa humo kuwa msimamizi wa huyo huyo mpwa, majina yao yakiwa kwenye mstari mmoja. Aliyetangulia kuunda mti ule mtandaoni aliona jina moja akadhani ni mtu mmoja, na miti mingine kadhaa imekwisha kumfuata. Wingi wao usiwatishe: wote wamenakili kosa lile lile.

Tumejifunza pia kuupima waraka mmoja vipande vipande. Cheti cha kifo ni shahidi mzuri wa tarehe ya kufa. Kwa tarehe ya kuzaliwa ni shahidi dhaifu, kwa kuwa aliyeitaja mara nyingi ni mtoto au jirani ambaye hakuwepo siku marehemu alipozaliwa. Kwenye sensa nyingi za zamani utakuta watu wa miaka 40, 50 na 60 wamejaa tele, wa 41 na 59 wa kutafuta, kwa sababu umri ulikadiriwa. Ukikuta "miaka 60", andika "takribani" mbele yake.

Na daftari likikosekana, tafuta kwanza sababu. Sensa ya Marekani ya 1890 karibu yote ilipotea kufuatia moto wa 1921. Hifadhi ya kumbukumbu ya Dublin iliteketea mwaka 1922 katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Wanaotafuta wazee wao waliokuwa watumwa nchini Marekani hukwama penye ukuta mwingine: sensa za 1850 na 1860 ziliwaorodhesha chini ya jina la mmiliki kwa umri na jinsia, majina yao yakiachwa karibu kote. Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza ya nchi nzima iliyowaandika wengi wao kwa majina. Kabla ya hapo msaada hupatikana kwenye wosia na hati za mauzo za huyo mmiliki, kazi inayohitaji moyo mgumu.

Upande wa mahojiano na wazee tumefanya vizuri, ingawa tulichelewa kwa baadhi yao. Kikundi cha mahojiano kimeacha kuuliza "ulizaliwa mwaka gani?" na badala yake kinauliza mtu alikuwa na ukubwa gani wakati wa ukame fulani, vita fulani au uchaguzi fulani. Majibu yanapatikana, na yanaweza kuhakikiwa. Picha za zamani nazo zimekuwa ufunguo: mpe mzee picha, muulize nani hayumo na kwa nini. Kimya chake kinaweza kukuonyesha mlango, lakini msimlazimishe kuufungua. Rekodi zote zipewe jina la msemaji na tarehe siku ile ile, nakala mbili, sehemu mbili tofauti. Nyuma ya picha andikeni kwa penseli laini, kwa wepesi. Kalamu ya wino inapenya, na albamu zenye kurasa za gundi zinaharibu picha taratibu.

Jambo jingine limenikera muda mrefu. Miti yetu mingi imejaa "mke wa fulani" na "mama wa fulani". Kwa sababu hiyo tumeanza kutumia namba za zamani za wananasaba, zilizochapishwa na mwanahistoria wa Austria, Michaël Eytzinger, mwaka 1590. Wewe ni 1, baba yako 2, mama yako 3. Namba ya baba wa mtu yeyote ni mara mbili ya namba yake, na ya mama ni hiyo mara mbili ukiongeza moja. Kwa hiyo 6 ni baba wa mama yako, na 13 ni mama wa huyo babu. Ukimwacha mwanamke, pengo linaonekana kwa namba yake, huwezi kulifunika. Tulipojaza fomu hizo, namba witiri zilikuwa tupu kwa kiasi cha aibu.

Kuhusu programu, kila mtu atumie anayoipenda, mradi iweze kutoa faili la GEDCOM, muundo ambao programu nyingi za ukoo huusoma, ili siku ukihama uhame na mti wako. Gramps ni ya bure. FamilySearch, tovuti ya kumbukumbu za ukoo, nayo ni bure, na ilikamilisha mwaka 2021 kuziweka kidijitali filamu zake za kumbukumbu.

Vipimo vya DNA vilitugawa, na sitaficha upande wangu. Vinafaa kwa kuthibitisha undugu wa karibu: mabinamu wa kwanza, yaani watoto wa ndugu wawili, hushiriki wastani wa asilimia 12.5 ya DNA. Kwa mabinamu wa tatu, yaani wajukuu wa wajukuu wa mtu mmoja, takribani jozi moja kati ya kumi haionyeshi chochote kinachopimika, wakati undugu wao ni wa kweli. Zile asilimia za "asili yako" ni makadirio, hubadilika kampuni inapobadilisha kanzidata yake ya kulinganishia. Isitoshe, ukijipima umewapima na nduguzo bila kuwauliza. Kampuni ya vipimo hivi iitwayo 23andMe ilivamiwa na wadukuzi mwaka 2023, taarifa za watu wapatao milioni 6.9 zikachukuliwa, na Machi 2025 ikaomba kinga ya ufilisi mahakamani. Kamati imepitisha kwamba chama hakitamshawishi mtu kupima, hakitapokea matokeo ya ndugu asiyeridhia, na taarifa za watu walio hai hazitatoka nje ya familia zao. Likiibuka la baba asiye baba, atakayeambiwa kwanza ni mhusika, faraghani, na wala halitaletwa kikaoni.

Kwa mwaka ujao kamati inapendekeza mambo mawili: kila mwanachama awasilishe tawi moja tu, lenye chanzo kwa kila jina, badala ya mti mzima, na kikundi cha mahojiano kipewe wanachama vijana, kwa kuwa waliopo wamezidiwa. Mapendekezo yote mawili yatapigiwa kura baada ya taarifa ya mweka hazina. Katibu wetu anamaliza muda wake na ameomba asipendekezwe tena, hivyo wenye nia ya nafasi hiyo wamwone makamu mwenyekiti kabla ya mapumziko.

Mwenyekiti