Tafiti za mishahara zisiwaruke vibarua

Kwa Mhariri,

Mimi ni karani wa mishahara kwa kiwanda kimoja hapa Kisumu, upande wa Obote Road, na huwa tunaletewa zile fomu za utafiti wa mishahara, za kulinganisha kampuni zinalipa ngapi, kurasa nyingi kwelikweli, zinauliza mshahara wa msingi ni ngapi, marupurupu ya nyumba ngapi, bima ya matibabu inashika watoto wangapi, bonasi iko ama haiko. Najaza mimi mwenyewe nikitoa kwa kompyuta, na nikimaliza unaweza kudhani huku kwetu watu wanakula vizuri kabisa. Lakini fomu inauliza tu wafanyikazi wa kudumu. Vibarua hawana hata mstari mmoja.

Na vibarua ndio wengi. Saa kumi na mbili kasoro asubuhi utawapata getini, wengine wametembea kutoka mtaa wa Obunga, supavaisa anatoka na daftari yake anaonyesha kwa kidole, wewe, wewe, na wewe, waliobaki warudi kesho. Kuna mzee mmoja anabeba magunia, huu ni mwaka wake wa tano. Wa tano! Kila Jumamosi anatumiwa pesa kwa simu, ovataimu imehesabiwaje hajui, na mgongo ukimuuma akikosa siku mbili basi hizo pesa zimeenda. Juzi alikuja kwa dirisha langu akaniambia, "Dada, niandikie tu barua kwamba nafanya hapa, chama kinataka ndio nipewe mkopo wa karo." Nikakosa la kuandika kwa sababu kwa vitabu vyetu hayuko. Alisema asante akarudi kwa magunia, na mimi siku hiyo hata chai haikupita.

Sasa Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kibarua ni mtu anayelipwa siku ikiisha na haajiriwi zaidi ya masaa 24 kwa mara moja, kwa hivyo huyu wa kulipwa Jumamosi miaka yote hii si kibarua hata kidogo, tunamwita hivyo tu. Kifungu cha 37 kinasema ukifanya mfululizo siku zikafika mwezi mzima unahesabiwa kama mtu wa mwezi. Ukifikisha miezi miwili mfululizo unapata haki kama wengine, ndipo likizo ya siku 21 kwa mwaka inaingia, na kuugua siku saba kwa mshahara kamili na saba zingine kwa nusu. Tena Kisumu iko safu ya juu pamoja na Nairobi na Mombasa kwa kima cha chini cha mshahara, oda ya serikali ya Novemba 2024 iliweka mfanyikazi wa kawaida kwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, na hiyo ni kabla ya pesa ya nyumba.

Mtasema utafiti ni karatasi tu. Hapana. Hiyo ripoti ikirudi ndiyo bosi anaweka mezani wakati wa kupanga nyongeza, anasema tuko juu ya soko, na mkutano unaisha hapo. Soko gani hilo halina mbeba magunia? KNBS, wale wa takwimu za serikali, kila mwaka inatuonyesha zaidi ya watu wanane kwa kila kumi wanaofanya kazi Kenya, ukitoa wakulima wadogo na wafugaji, wako jua kali, yaani kazi zisizo rasmi, na hawa wetu wako ndani ya kiwanda chenye leseni na bado hakuna anayewauliza.

Naomba wanaofanya hizi tafiti waongeze ukurasa mmoja: wangapi wanachaguliwa getini kila siku, wamekuja miaka mingapi, wangapi wanakatiwa NSSF ya uzeeni na SHA ya matibabu, nani amewahi kupewa peislipu. Na wasiulize ofisi peke yake, kwa sababu mimi nitajaza chenye nimeambiwa nijaze. Waje getini kabla ya saa kumi na mbili wawaulize wenyewe, supavaisa akiwa bado hajatoka na daftari.

Karani wa mishahara,
Kisumu