Betri haifii kwenye theluji, inafia kwenye plagi

Februari iliyopita dada mmoja aliingia karakanani kwetu hapa Minneapolis amekumbatia kitu kilichofungwa leso. Tulidhani ni mtoto mchanga. Alipofungua, kumbe ni betri ya baiskeli yake ya umeme. "Fundi, niliinunua Juni, ikinipeleka maili 30 sina wasiwasi. Sasa nikifika maili 12 imezima. Theluji imeiua."

Dada huyu anatunza wazee usiku, kazi ambayo wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki tukafikia Minnesota tunaijua vizuri. Anatoka zamu saa moja asubuhi, na mwezi wa Desemba saa hiyo bado ni giza. Baiskeli imelala nje usiku kucha, betri ikiwa juu yake. Anapanda, anafika nyumbani, anaichomoa betri, anaipeleka ndani na kuichomeka kwenye chaja hapo hapo, kisha anaingia kitandani. Kila siku hivyo. Kwa fikra zake alikuwa anaitunza, asiiache na njaa. Tuliipima. Kwenye kibandiko imeandikwa wati-saa 500, sisi tulipata 290. Theluji haikuwa na hatia.

Kila mwaka baada ya Krismasi tunaletewa betri za namna hii, ndiyo maana tumeamua kuandika.

Betri za lithiamu zina sharti moja lisilo na mjadala: zisichajiwe zikiwa chini ya nyuzi sifuri za Selsiasi. Kama simu yako inahesabu kwa Farenhaiti kama za Wamarekani, sifuri hiyo ni 32. Na kinachohesabiwa ni ubaridi ulio tumboni mwa betri yenyewe. Sebule yako inaweza kuwa na joto la kuvaa fulana, lakini betri iliyoingia dakika tano zilizopita bado ni jiwe la barafu.

Tueleze kwa nini, maana mtu akijua sababu hasahau. Unapochaji, chembe za lithiamu husafiri kutoka upande mmoja wa betri na kwenda kujipanga ndani ya tabaka za grafaiti upande wa pili. Aliyewahi kuvuka Likoni asubuhi ataelewa. Feri ikiteremsha mlango wote, watu wanaingia na kila mmoja anapata pa kusimama. Mlango ukibana, huku nyuma watu wanazidi kusukumana, watarundikana pale pale mlangoni. Baridi ndiyo inayobana mlango huo, na chaja haina habari, inasukuma tu. Lithiamu ikikosa pa kuingia inajibandika juu ya grafaiti ikiwa metali, na sehemu yake hairudi tena kazini. Leo kidogo, kesho kidogo, hadi siku unaambiwa maili 12. Baya zaidi, mrundikano huo unaweza kuota miiba ikatoboa utando unaotenganisha pande mbili za betri. Hapo suala si umbali tena, ni moto.

Betri za kampuni makini zina saketi ya ulinzi inayopima joto na kukataa chaji hadi betri ipate uvuguvugu. Ukichomeka ukaona taa ya chaja haibadiliki, usiipige makofi, inakulinda. Zile za bei ya kutupa, hasa za mtandaoni zisizo na jina la kueleweka, mara nyingi hazina kinga hiyo.

Basi fanya hivi. Ukifika nyumbani, iweke betri sakafuni mbali na hita, uiache kwa muda wa saa tatu au nne kama nje kulikuwa na baridi kali. Usiiweke juu ya hita wala mbele ya moto ili "iwahi". Ukiweza, usiiache ilale nje kabisa: ufunguo wa betri ulipewa wa nini? Ichomoe ukifika kazini, uingie nayo, ikae chini ya meza au kwenye kabati lako. Chaji ukiwa macho, kwa chaja iliyokuja na betri, na usichajie kwenye ukumbi wa kutokea, kwa sababu moto ukizuka hapo umekufungia njia. Ukinunua betri mpya tafuta alama ya usalama ya UL 2271, na kwa baiskeli nzima UL 2849. Jiji la New York limezifanya alama hizo kuwa sharti la kuuza tangu Septemba 2023, baada ya watu wengi kufa kwa moto wa betri majumbani. Hapa karakanani betri isiyo na alama hatuiuzi, na betri iliyovimba hatuichaji hata kwa kubembelezwa.

Sasa kuna jambo la pili ambalo watu hulichanganya na hilo la kwanza. Kuitumia betri kwenye baridi hakuiharibu kama kuichaji kwenye baridi. Inachoka tu. Mwenye kusafirisha mafuta ya nazi kutoka Mombasa anajua yanavyofika Nairobi mwezi wa Julai: yameganda chupani, lakini ni yale yale, na ukiyaanika juani yanarudi. Ndani ya betri pia kuna majimaji yanayozidi uzito baridi ikishuka, umeme unapita kwa taabu, na kwenye mlima unaona vijiti vitatu vya chaji vimekuwa kimoja, kisha baiskeli imezima. Ukiingia ndani saa mbili baadaye, vijiti vimerudi. Wateja hudhani kuna jini. Hakuna jini, ni ubaridi umeondoka.

Kwa hiyo panga safari zako za Januari kwa theluthi mbili ya umbali wa kiangazi, na siku za baridi kali panga kwa nusu. Maliza kuchaji karibu na saa ya kutoka, betri iondoke na uvuguvugu wake. Ivalishe koti la neoprini, kile kitambaa cha mpira laini kinachozuia baridi. Si mapambo, linasaidia. Anza safari kwa msaada mdogo wa mota hadi maili ya kwanza ipite. Baadhi ya vitabu vya watengenezaji vinaweka mwisho wa matumizi karibu na nyuzi 20 chini ya sifuri, na siku kama hiyo hata sisi tunapanda basi.

Ukiamua kuipumzisha baiskeli hadi Aprili, usiiache betri ikiwa imejaa wala ikiwa tupu. Iache katikati, kwenye chumba kisicho na joto jingi wala baridi, uitazame mara moja kwa mwezi.

Baada ya betri, adui wa pili ni chumvi. Mtu wa pwani hahitaji mhadhara: anajua inavyokula mabati na misumari. Hapa inamwagwa barabarani kwa malori kuyeyusha barafu, ikichanganyika na theluji inakuwa uji wa kahawia unaoingia kwenye cheni, breki na viungio vya nyaya. Cheni mpya isiyofutwa inaweza kushika kutu ndani ya siku chache. Kwa baiskeli yenye mota katikati, pale kwenye kanyagio, hali ni mbaya zaidi, kwa sababu nguvu yote ya mota inapita kwenye cheni hiyo hiyo.

Dawa yake ni ndoo na kitambaa. Maji ya uvuguvugu, si ya moto, na kamwe usitumie ile mashine ya kuoshea magari. Inasukuma maji hadi ndani ya mota na beringi. Futa, kausha, tia oili ya cheni iliyotengenezwa kwa hali ya unyevu, kisha ufute tena iliyozidi. Dakika kumi. Tunajua hukuzipenda ulipozisoma, na wengi wenu hamtazifanya, ndiyo maana tunaweka cheni nyingi stoo kuanzia Novemba.

Chumvi yenyewe ina kikomo. Barabara ikishuka chini ya nyuzi 9 hivi chini ya sifuri, chumvi ya kawaida karibu haiyeyushi kitu. Asubuhi kama hizo usidanganyike na barabara iliyomwagiwa. Ni kioo.

Hapo tunafika kwenye tairi. Tairi pana peke yake haishiki barafu. Baiskeli za tairi nene, ambazo kampuni ya Surly ya hapa jirani Bloomington ilizisambaza kwa modeli yake ya Pugsley ya mwaka 2005, zinaelea vizuri juu ya theluji laini, lakini kwenye barafu tupu zinateleza kama nyingine yoyote. Kinachoshika barafu ni njumu: vijino vya metali ngumu vilivyopachikwa kwenye tairi, mamia yake. Pesa ikitosha tairi moja tu, weka ya mbele. Gurudumu la nyuma likiteleza mara nyingi unajiokoa. La mbele likiteleza unajikuta umelala, na juu yako kuna chuma cha kilo 25. Upepo wa tairi pia hushuka wenyewe kwa baridi, hivyo upime nje, si sebuleni.

Baiskeli yenye mota kwenye gurudumu la mbele inahitaji adabu ya ziada. Uzito wako uko nyuma, mota inavuta mbele, basi gurudumu linazunguka bure na kukuangusha. Ondoka kwa miguu yako, kisha uruhusu mota. Punguza mwendo kabla ya kona, usishike breki ukiwa ndani yake. Mengine ni mazoezi, na uwanja mzuri wa mazoezi ni Midtown Greenway, njia ya baiskeli ya hapa jijini: maili tano na nusu kwenye bonde la reli ya zamani, na husafishwa theluji majira yote.

Kuhusu mavazi hatutasema mengi, mama zenu wameshasema. Jueni tu kwamba hewa ya nyuzi 15 chini ya sifuri, ukiendesha kilomita 25 kwa saa, ngozi inaihisi kama 25 chini ya sifuri. Zile mifuko kubwa zinazofungwa kwenye usukani ukaingiza mikono ndani zinashinda glovu yoyote tuliyowahi kuuza.

Jambo moja bado, la baiskeli inayolazwa ndani ya nyumba. Chupa ya soda ikitoka kwenye friji Dar es Salaam hutokwa jasho. Baiskeli iliyotoka kwenye baridi nayo hutokwa jasho ikiingia ndani, hadi kwenye soketi za nyaya, kioo cha mwendo na friwili, kile kifaa cha gurudumu la nyuma kinachoshika ukikanyaga na kuachia ukiacha. Ukiitoa tena kabla haijakauka, jasho hilo linakuwa barafu. Mteja mmoja alitupigia simu akisema mota imekufa: anakanyaga, kanyagio linazunguka, baiskeli haiendi. Mota ilikuwa nzima. Vijino vya friwili viliganda ndani ya grisi nzito, havishiki. Tuliiweka ndani, tukanywa chai, ikapona yenyewe, kisha tukaisafisha na kuitia grisi nyepesi. Kwa hiyo ama iache kwenye gereji baridi moja kwa moja na uingize betri tu, ama iingize ikae hadi ikauke kabisa. Hii ya ndani nje, ndani nje, ndiyo inayoleta maradhi.

Huduma yetu ya msimu wa baridi inaanza wiki ya kwanza ya Novemba: kupima uwezo halisi wa betri, kufunga tairi za njumu, kubadilisha grisi ya friwili, kuziba viungio vya nyaya kwa grisi isiyopitisha maji, na kukagua pedi za breki. Kupima betri huchukua siku nzima kwa sababu tunaijaza na kuimaliza polepole, hivyo iache asubuhi uje jioni. Njoo na chaja yako pia, nusu ya majibu huwa humo.

Yule dada alinunua betri nyingine. Akirudi zamu anaiweka chini ya meza, anakunywa chai, analala. Akiamka saa nane mchana ndipo anaichomeka, na ikifika jioni imejaa, anaifunga leso yake na kwenda nayo kazini.