Data ya kupita isirundikwe kwenye sesheni

Mhariri,

Naomba nafasi niongee na wenzangu tunaotengeneza mifumo ya wavuti kwa Java, maana hili jambo linaniuma kweli. Mtu anataka kupeleka kitu kidogo tu ukurasa unaofuata, mfano ule ujumbe wa "Imehifadhiwa", anakitupa kwenye sesheni, yaani kumbukumbu ambayo seva inamtunzia kila mtumiaji, halafu basi, hakuna anayekumbuka kukitoa.

Najua inapoanzia. Fomu ikishatumwa tunafanya redirekti, yaani seva inaiambia brauza iende anwani nyingine, ili mtu akipakia ukurasa upya asiitume mara mbili, na hiyo ni sahihi kabisa tusiiache, ila redirekti maana yake brauza inaleta ombi jipya na chochote ulichoweka kwenye ombi la kwanza kimeshapotea. Hapo ndo watu wanakimbilia sesheni. Sasa sesheni ya Tomcat, ile seva ya programu za Java, kama hujagusa mipangilio inakaa dakika 30 bila mtumiaji kufanya kitu ndo inakufa, na tabu zote za brauza moja zinatumia sesheni hiyo hiyo. Mtu kafungua mteja A tabu hii, mteja B tabu ile, namba ya mteja iliyobaki kwenye sesheni ni ya B, anarudi kwa A anarekebisha namba ya simu anabonyeza hifadhi, simu ya A imeingia kwa B! Na ukiitafuta hiyo hitilafu huioni, kwa sababu wewe unajaribu na tabu moja.

Jamani dawa ipo siku nyingi. JSF na Spring ni fremuweki za kutengenezea wavuti kwa Java: JSF 2.0 ya mwaka 2009 ilikuja na flashi, mahali pa kuweka data ya kupita tu, Spring nayo kuanzia 3.1 unaita tu addFlashAttribute, data inavuka redirekti, ukurasa wa pili unaisoma, inafutwa yenyewe. Isiposomwa, Spring inaihesabu imeisha muda baada ya sekunde 180. Kwenye JSF ukitaka ujumbe wa FacesMessage, ule ambao JSF inamwonyesha mtumiaji, uvuke lazima uweke setKeepMessages(true), wengi wanaruka hapo halafu wanasema flashi mbovu.

Ila namba ya mteja msiiweke hata kwenye flashi, ukurasa ukipakiwa upya haipo tena. Iwekeni kwenye anwani ya ukurasa, na seva ihakikishe kila mara kama huyu aliyeingia anaruhusiwa kumuona huyo mteja.

Msomaji wenu, mtengeneza programu